Udongo wa Komanda

Wiki iliyopita mmoja wenu, ambaye sitamtaja jina kwa sababu mama yake ni jirani yangu na mdomo wake naujua, aliziba matundu ya bunduki ya mwindaji kwa bugali. Ndiyo, bugali, ule ugali uliobaki kwenye sahani mchana. Panya wakaja wakala wakashiba, gundi ikaingia pale walipokula, na sasa chuma na mti vimeshikana havitaki kuachana. Nimekaa na nyundo ya mpira na kitambaa cha maji ya moto tangu asubuhi, mgongo unaniuma, na nilipomwuliza kijana mwenyewe alikuwa anafikiri nini, alinijibu, "Papa Dido, bugali si inajaza tundu?"

Inajaza tundu! Wanangu, mimi nimestaafu. Niliwaambia watu wote wa Nyakasanza kwamba Dido sasa anakaa nyumbani na kuku wake. Lakini hakuna juma linalopita bila mmoja wenu kubisha mlango wangu na kitu kilichoharibika mkononi, huku akitabasamu. Basi leo kaeni chini, nitasema yote mara moja, na atakayesinzia nitamrushia kiatu.

Bunduki ina chuma na ina mti. Chuma kinalala ndani ya mti. Mvua ikinyesha mti unavimba, jua likiwaka unasinyaa, na kidogo kidogo kile kitanda kinalegea. Chuma kinaanza kucheza, na risasi inakwenda inakotaka yenyewe. Mwindaji analenga swala, anaua kichuguu. Hapo ndipo analeta bunduki kwetu. Tunachimba mti kidogo pale chuma kinapolala, tunaweka ile gundi ya kuchanganya vifuko viwili inayoletwa na wafanyabiashara kutoka Kampala, tunalaza chuma juu yake, tunangoja. Gundi inapokauka imeshika umbo la chuma, na chuma hakichezi tena.

Lakini chuma lazima kitoke! Hilo ndilo mnalosahau kila siku. Kina matundu ya visi, yaani skrubu, kina nafasi ya kupitisha risasi, kina uwazi wa kifyatulio. Kila pengo ambalo hukuliziba, gundi itaingia humo, itakauka, na hapo hata ulie machozi chuma hakitoki. Kwa hiyo kabla ya yote tunaziba kwa udongo, tunalainisha kwa kidole, tunakata unaozidi kwa kijiti cha mwanzi, ndipo tunapaka dawa ya viatu kwenye chuma chote ili gundi isishike. Kijiti cha mwanzi, nimesema. Si bisibisi. Nikimkuta tena mtu anakwangua udongo kwa bisibisi kwenye bunduki ya watu, tutakosana.

Na udongo wenyewe ni kazi ya kuchagua. Uwe haukauki, kwa sababu ukikauka unasinyaa, na ukisinyaa unaacha ufa, na gundi haihitaji zaidi ya ufa. Uwe hauna mchanga, mchanga unakwaruza chuma. Uwe hauna chumvi. Na siku ya kuutoa uwe unatoka wote, ukiuvuta unakuja, bila kuacha watoto wake kwenye kona.

Mambo haya nilifundishwa na Muzee Gaspard, mwenye atelie, karakana niliyojifunzia kazi. Msiniulize alikuwa mtu wa wapi. Katika miaka ile ya vita swali hilo liliua watu wengi hapa Bunia, na mimi sijaanza kulijibu mpaka leo. Alikuwa mtu wa masikio makubwa na maneno machache, na alikuwa na tabia moja iliyomfanya mkewe akate tamaa: kila udongo aliuonja. Tukipita mahali panapochimbwa msingi wa nyumba, Muzee anainama, anachukua punje, anaweka ulimini, anafikiri, anatema. Watu walidhani ana mimba.

Ninasema mimba kwa sababu mnajua wenyewe wake zetu wakiwa wajawazito wanavyotafuna mabele, ule udongo mweupe wa sokoni. Kabla ya vita tulikuwa na mwenzetu kwenye atelie, Bosco, mtu wa haraka kupita kiasi. Siku moja udongo ulituishia, Muzee hayupo, mwindaji anangoja. Bosco akakimbia nyumbani, akachukua mabele ya mkewe, akayaponda, akayachanganya na mafuta ya injini, akaziba. Lazima niseme ukweli, ulikuwa udongo mzuri sana kwa kuutazama, laini kama siagi. Bunduki ikatoka vizuri, Bosco akatembea kifua mbele siku nzima. Jioni mkewe akaja atelie, tumbo mbele, mikono kiunoni, akiuliza ni mwanaume gani huyo anayeiba chakula cha mwanamke mjamzito. Tulicheka mpaka tukashika meza.

Kicheko kilikwisha mwindaji aliporudi. Ndani ya chuma, kwenye kona zote ambazo udongo ulikuwa umekaa, kutu ilikuwa imekula kama mchwa. Yale mabele hutiwa chumvi kidogo kabla ya kuchomwa, ndiyo maana ni matamu, na Bosco hakuwa amesafisha pembe zote. Muzee Gaspard hakupiga kelele. Alichukua kipande kilichobaki, akaonja, akamwambia Bosco, "Chumvi. Ungeuliza bibi yako, angekwambia." Kisha wakakaa pamoja kusugua ile kutu, na Muzee hakutaka malipo kwa yule mwindaji, jambo lililoniudhi mimi zaidi ya Bosco.

Maana huyo ndiye Muzee. Juu ya mti, gundi na udongo hakuweza kusema uongo. Si kwamba hakutaka, hakuweza kabisa, ulimi ulikataa. Mteja akiuliza kama mti wake una ufa, Muzee anamwonyesha hata ufa ambao mteja mwenyewe asingeuona mpaka kufa. Tulipoteza kazi nyingi kwa ajili ya hiyo. Mimi nilikuwa mtu wa kupaka maneno rangi kidogo, si sana, kiasi cha kula. Kwa hiyo mnaweza kuelewa nilivyoteseka vita ilipoingia mjini.

Wakati wa vita hatukutengeneza bunduki. Wawindaji walizificha au walinyang'anywa, na kuonekana na bunduki ambayo si ya wakubwa wa siku hiyo ilikuwa kutafuta kifo. Sisi tulitengeneza milango. Mlango uliovunjwa leo tuliupigilia kesho, ukavunjwa tena na wengine, tukaupigilia tena. Kuna mlango mmoja hapa mtaani niliufahamu kuliko nilivyowafahamu wanangu. Watu walitaka makomeo ya ndani, manene, na Muzee aliwaambia wazi kwamba komeo halizuii kitu kama mbao za mlango ni nyembamba. Nilimkanyaga mguu chini ya meza. Akaniuliza mbele ya mteja, "Dido, unanikanyaga juu ya nini?"

Ndipo akaja Komanda. Jina lake silitaji. Zamani alikuwa anauza maharage kutoka Fataki, nilishawahi kununua kwake, na kipimo chake kilikuwa cha haki. Sasa alikuwa na vijana wenye silaha nyuma yake na miwani myeusi ambayo bado ilikuwa na karatasi ya dukani kwenye kioo. Alikuwa na adabu, na adabu yenyewe iliniogopesha. Alisalimia, akakaa kwenye benchi letu, akaweka mbele yetu bunduki ndefu ya kuwindia wanyama wakubwa, yenye darubini juu. Alikoipata hakusema. Mti wake ulikuwa umelegea na una ufa shingoni, pale mkono unaposhika.

"Muzee," akasema, "hii kitu inapiga kando. Nikilenga mutu, inapiga majani. Batoto yangu wananicheka."

"Chuma inacheza," Muzee akasema baada ya kuitikisa. "Muti imelegea. Na iko ufa hapa."

"Utaitengeneza?"

"Unataka kupiga nini?"

Komanda akaonyesha kwa kidevu kile kilima upande wa barabara ya Fataki. Akasema bila kupunguza sauti, kama mtu anayeeleza bei ya maharage, "Kutoka pale juu niko naona kila mutu anaenda shamba. Wale batu ya ngambo wanatoka asubuhi kungoa muhogo. Bila hii bunduki kunyooka, wanatembea tu."

Wanangu, shamba letu la muhogo lilikuwa chini ya kilima hicho. Mke wangu, Rejina, alikuwa anakwenda huko karibu kila asubuhi na wanawake wengine, kwa sababu watoto walikuwa wanakula, vita au bila vita, na muhogo haukuwa unakuja wenyewe nyumbani. Toka juu ya kilima mwanamke aliyeinama na jembe hana kabila. Ni mgongo tu. 

Nikaruka haraka. Nikasema kwa huzuni kubwa ya kuigiza kwamba, ah, Komanda, kazi hiyo inataka gundi ya Kampala, na barabara zimefungwa, gundi ilikwisha zamani, tutafanyaje.

Nyuma yangu sauti ya Muzee ikasema, "Gundi iko, Dido. Iko chini ya meza. Umesahau."

Nilitaka ardhi ipasuke inimeze, lakini kwanza immeze Muzee. Komanda akageuza miwani yake kunitazama mimi. Nikacheka kama mjinga, nikasema eeh kweli, nimesahau, uzee. Nilikuwa sijafika hata umri wa kuota mvi.

"Gundi iko," Muzee akaendelea, "lakini udongo hakuna. Bila udongo hatuwezi."

Hilo lilikuwa kweli, udongo wetu ulikuwa umeliwa na vita kama kila kitu. Nikapumua. Komanda akauliza ni udongo gani. Hapo, badala ya kunyamaza, badala ya kusema Mungu mwenyewe ndiye anajua, Muzee Gaspard akamweleza! Haukauki, hauna mchanga, hauna chumvi, unatoka wote. Akamweleza kama anavyoeleza mwanafunzi, kwa mikono. Komanda alisikiliza kwa makini kuliko nyinyi mnavyonisikiliza sasa.

Kwanza alileta udongo wa wafinyanzi, mweusi, mzito, kikapu kizima. Muzee akachukua punje, akaonja, akaufinyanga kwenye kipande cha chuma, akauacha juani. Ukakauka ukapasuka. "Ona," akamwonyesha, "gundi itapita hapa." Komanda akainama akautazama ule ufa kwa kweli. Akasema asante. Akaondoka na vijana wake, ambao walikuwa wamemaliza karanga zetu zote.

Safari ya pili akaleta udongo wa dirisha, ule wa kushikia vioo. Mkijiuliza aliutoa wapi, tazameni madirisha ya miaka ile, hayakuwa na kioo hata kimoja. Muzee akasema ni laini leo, kesho ni jiwe, tutahitaji patasi kuutoa na tutaumiza chuma. Safari nyingine, msinicheke, akaleta mabele. Mkewe alikuwa mjamzito. Alikuja na kifurushi cha kitambaa, mabele meupe ya sokoni, na jasho la mtu aliyegombana nyumbani. Nilimwona Muzee anaweka kipande ulimini, nikamwomba Mungu kwa moyo wote.

"Chumvi," Muzee akasema.

Nikamshukuru Mungu. Lakini yule mzee, wanangu, yule mzee hakuishia hapo! Akasema, "Ungepata yenye haina chumvi, kukanda na mafuta, ingekaribia." Komanda akatikisa kichwa kuweka akilini. Damu ilinichemka mpaka nikatoka nje nikapiga teke ndoo.

Jioni ile, tukifunga atelie, nilimsema. Nilisahau kwamba ni mkubwa wangu, kwamba alinipokea sina hata msumari wangu. Nilimwambia, "Muzee, unataka huyu mutu apige Rejina? Rejina anayekupikia sombe? Kwa nini unamufundisha?"

Alikuwa anafagia mezani kwa kiganja, kama kawaida yake. Akasema, "Hii bunduki siye hatuitengenezi. Hiyo ninajua."

"Basi mudanganye! Sema udongo yote iko mubaya!"

"Nikianza kudanganya juu ya udongo, Dido, mukono yangu itasahau. Iko na kitu moja tu inajua."

Nikamwambia mkono wake utakumbuka vizuri sana siku tukizika watu. Akaendelea kufagia. Nilikwenda nyumbani nimekasirika, nikamkataza Rejina kwenda shambani. Rejina akaniuliza kama nina sufuria ya vumbi ya kuwalisha watoto. Alfajiri akachukua jembe lake akaenda. Nikabaki mlangoni nikimtazama mpaka alipopinda.

Ikapita muda bila Komanda kuonekana. Mapigano yalisogea, yakarudi, watu walikimbilia njia ya Beni, wengine wakarudi, milango ikavunjwa. Nikaanza kufikiri labda amekufa, na nilijisikia vizuri kufikiri hivyo, silifichi. Kisha asubuhi moja akaingia anacheka, bila miwani, ile bunduki begani, ameshika beseni la plastiki la rangi ya manjano.

"Muzee! Leo utakosa neno."

Akaliweka mezani. Ndani kulikuwa na udongo wa watoto wa maternele, shule ya chekechea, ule laini wa rangi rangi unaotoka Ulaya kwenye makopo, wanaouchezea shuleni. Lakini haukuwa kwenye makopo. Ulikuwa umeshafinyangwa. Kulikuwa na kuku wa kijani, nyumba nyekundu isiyo na mlango, mtu mwenye kichwa kikubwa na kofia, na ng'ombe wa buluu mwenye pembe ndefu kuliko miguu yake. Alama za vidole vidogo zilikuwa zimebaki juu yake, mpaka mistari ya ngozi ilionekana.

Muzee Gaspard akachukua ncha ya ukuta wa ile nyumba. Akanusa. Akaonja. Akaikanda kwa dole gumba juu ya chuma, akaipeleka juani pale mlangoni, tukangoja wote. Haikukauka. Akaivuta, ikatoka yote, chuma kikabaki safi kinang'aa. Mimi nilikuwa nangoja neno moja tu, chumvi, mchanga, lolote lile.

"Iko muzuri," akasema. "Hii ndiyo yenyewe."

Nikafumba macho. Nilimwona Rejina ameinama.

"Umeitoa fasi gani?" Muzee akauliza.

"Pale maternele ya masista. Hakuna mutu. Batoto walikimbia."

"Batoto watarudi. Hii iko na wenyewe." Akarudisha ule ukuta mahali pake kwenye nyumba, akaubonyeza taratibu mpaka ukashika. "Komanda, udongo iko muzuri. Gundi iko. Mikono iko. Siye hatuitengenezi."

Alisema hivyo kwa sauti ileile aliyosemea chumvi. Komanda hakuelewa mwanzoni. Akauliza tena kosa la udongo ni nini.

"Hakuna kosa. Udongo haina kosa. Weye ulisema utapiga batu ya shamba. Ulisema hapa, kwa hii benchi. Kwa hiyo hatuitengenezi."

Komanda akanigeukia. "Na weye?"

Nilikuwa na uongo mwingi umejaa kichwani, wanangu, nimeuandaa tangu siku ya kwanza: macho yananiuma, gundi imeharibika, mkono una jipu. Nikaupekua wote na hakuna hata mmoja uliotosha kusemwa mbele ya yule mzee aliyekuwa amekwisha kusema kweli.  Nikasema, "Ni vile Muzee amesema."

Mkono wa kulia wa Muzee ulikuwa juu ya meza, karibu na beseni. Komanda akashika bunduki kwa mtutu akaushusha ule mti wake kwenye mkono huo. Nilisikia sauti mbili. Moja ilikuwa mifupa. Ya pili ilikuwa mti, ulikatika pale pale shingoni kwenye ufa, kitako kikaruka mpaka ukutani, na Komanda akabaki ameshika fimbo ya chuma yenye darubini.

 Muzee alikuwa amekuwa wa kijivu, jasho linamtiririka kwenye yale masikio. Akavuta pumzi akasema, polepole, "Nilikuonyesha ile ufa."

Mmoja wa vijana mlangoni akacheka. Hakukusudia, kicheko kilimtoka puani, akaziba mdomo. Komanda akamtazama, akatutazama sisi, akatazama chuma mkononi. Kwa nini hakutuua sijui mpaka leo, na msiniletee maelezo ya kanisani. Aliondoka. Beseni aliliacha mezani, kile chuma alikwenda nacho, na kama alipata fundi mwingine wa kukitengenezea mti, hilo pia sijui. Kwetu hakurudi. Rejina alirudi saa sita na muhogo kichwani, akakuta nimekaa nje nalia, akaniuliza nimefiwa na nani.

Mkono wa Muzee ulifungwa na muuguzi wa mtaani kwa vibao vyetu wenyewe, vya mlango. Ulipona vibaya, vidole viwili vikabaki vimepinda kwa ndani, na hakushika patasi tena. Tangu hapo alikaa kwenye benchi akinisimamia, akiona kila kosa langu na kulisema, mbele ya wateja. Sijawahi kuchoshwa na mtu kama nilivyochoshwa naye miaka ile.

Kitu cha kwanza alichoniambia, siku ya pili, mkono umevimba kama kiazi, ni kwamba wale wanyama wa udongo wamepata vumbi la mbao na nywele, niwasafishe. Nikamwambia Muzee, kuna vita. Akasema anajua. Basi shikeni hili, ni la kazi. Udongo wa namna ile usiuoshe kwa mafuta ya taa wala petroli, utayeyuka usambae, utachafua zaidi. Chukua kidonge kidogo cha udongo uleule, gusagusa taratibu, kidonge kinabeba vumbi, kinabeba na mabaki madogo. Hata ndani ya chuma cha bunduki fanya hivyo kwanza: kidonge kwenye ncha ya kijiti, gusa kila kona, kisha kitambaa, na petroli kidogo sana iwe ya mwisho. Nilikaa na kuku wa kijani kwenye kiganja nikimgusagusa, milio ya risasi inasikika upande wa uwanja wa ndege, na nilimtukana Muzee kimoyomoyo kwa lugha zote ninazozijua.

Shule ile ilipofunguliwa tena, alinituma nirudishe. Hakwenda mwenyewe, alisema mimi ndiye mwenye maneno. Mwalimu, Mama Adele, alinipokea darasani, viti bado havijarudi, watoto wachache wamekaa kwenye mkeka. Nikamweleza kwa kifupi. Akavua kitambaa cha beseni, akaanza kutoa kimoja kimoja, na kila kimoja akakijua.

"Hii kuku ya Grasia. Eeh, Grasia iko Beni kwa nyanya yake, anakuya mwezi kesho. Hii nyumba ya Plamedi, anasahauka mulango kila siku. Plamedi, njoo!" Mtoto akaja mbio, akachukua nyumba yake bila hata kunisalimu. "Huyu mutu wa kofia ya Jeremi. Wamemuona, wamesema iko muzima."

Alibaki ng'ombe wa buluu. Mama Adele alimshika kwa vidole viwili, akamtazama, akamgeuza kuona tumboni, kisha akamrudisha ndani ya beseni na kulifunika.

"Huyu enda naye, Papa Dido."

Mimi na ujinga wangu nikauliza, "Mwenyewe hajarudi?"

"Enda naye tu."

Nilirudi Nyakasanza nimebeba beseni la manjano lenye ng'ombe mmoja, nina hasira na kila mtu niliyepishana naye, na hasira yenyewe sikuwa na pa kuipeleka.  Muzee aliona beseni, akanyoosha mkono wa kushoto, akamtoa, akamweka juu ya rafu iliyo mbele ya meza ya kazi, uso ukitazama mlango.

Amani ilipokuja kidogo, kazi ilirudi. Wawindaji wenye vibali walianza kuleta bunduki zao, na Muzee alikuwa ameshatuacha. Siku moja nilikuwa na bunduki ya mzee mmoja mwindaji, amesafiri nayo toka mbali, mti nimeuchimba, gundi nimekwisha kuichanganya, na mnajua gundi hiyo ikichanganywa haingoji mtu. Nikafungua kopo la udongo. Tupu. Mmoja wa wanafunzi wangu alikuwa amelimaliza bila kusema, kama kawaida. Nikainua macho. Juu ya rafu palikuwa na udongo safi kuliko wote niliowahi kushika, hauna chumvi, hauna mchanga, na kipande kidogo tu kingetosha, hata miguu ya nyuma ya yule ng'ombe peke yake.

Gundi ilianza kupata moto mikononi mwangu. Nikatoka nayo nje, nikaimwaga yote uani.